Jiwe la Kusagia Nililoling'arisha

Kosa langu kubwa la mwanzo katika kazi ya kuchonga mawe lilikuwa kuling'arisha jiwe ambalo mwenyewe aliniletea kwa sababu lilikuwa limelainika mno. Sentensi hiyo ikikupa shida, usijali, hata mimi ilinichukua siku kadhaa kuielewa. Ni kama mtu apeleke gari gereji kwa sababu breki hazishiki, halafu fundi, kwa moyo mweupe kabisa, azing'oe breki zote na kulipaka gari rangi mpya. Fundi huyo ndiye mimi.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na nne na cheo cha msanii wa mawe. Cheo nilijipa mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa na haraka ya kunipa. Bonde la Kilombero lina mpunga, lina samaki, lina tope la kila aina na mbu wa kila ukubwa. Mawe halina. Ukichimba kisima Ifakara unakutana na udongo, halafu mchanga, halafu maji, na hapo unaacha kuchimba kwa sababu umepata ulichotaka. Mtu wa mtaani kwetu Mlabani akitaka jiwe la kuzuia mlango usijifunge na upepo, anaenda kuazima kwa jirani. Hapo ndipo mimi, baada ya kufikiri kwa makini, nilipoamua kuishi kwa kuchonga mawe.

Nilijifunza kwenye simu. Wazee wa nchi za mbali walichonga mawe meupe kama ugali wa sembe, wakiongea lugha nisiyoijua, na mimi niliangalia mikono yao. Bando likiisha katikati ya somo, nilimalizia kwa kubahatisha. Ndiyo maana mpaka leo najua vizuri sana kuanza sanamu.

Mawe niliyatoa Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, kwenye shamba la migomba la mzee mmoja aliyeyaona mawe kama wezi waliomvamia. Siku ya kwanza nilimsogelea kwa adabu, nimejiandaa kumbembeleza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya mawe? Chukua hilo."

"Asante sana, mzee, nilikuwa naomba moja tu la..."

"Na lile. Na lile pale. Na ukoo wao wote."

Lori lililopeleka mchele mjini na kurudi tupu lilinishushia mawe saba mbele ya nyumba yetu. Mama yangu, ambaye kila asubuhi hukaanga vitumbua hapo hapo barazani, aliyatazama, akageuza kitumbua, akayatazama tena.

"Wenzako wanatoka Sanje na ndizi," alisema.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kiboko. Mwenye nyumba moja ya wageni alitaka kiboko wa jiwe wa kukaa getini, mkubwa kama pikipiki, ili mgeni akifika ajue amefika bondeni. Nilimchonga vizuri. Tatizo likawa masikio. La kulia lilikuwa kubwa kuliko la kushoto kwa unene wa ukucha. Nikalipunguza. La kushoto sasa likawa kubwa. Nikalipunguza nalo. Masikio yalipolingana, kichwa kikaonekana kikubwa, nikapunguza kichwa. Kichwa kilipokaa sawa, mwili ukaonekana umevimba. Mwenye kazi alipokuja kukagua baada ya miezi minane, kiboko alikuwa ametimia ukubwa wa mbuzi na bado hajaisha.

"Fundi," aliuliza kwa upole, akimzunguka, "kiboko wangu anaumwa?"

Nilimwomba wiki mbili zaidi. Tundu za pua zilikuwa hazijalingana.

Nakiri haya yote kwa sababu ni lazima ujue ni mtu wa namna gani aliyekabidhiwa jiwe la yule bibi. Nilikuwa mtu ambaye akikaribishwa chakula anakagua kwanza kama sahani ni mviringo kweli. Nilikuwa na uzi wa kupimia mfukoni hata kanisani. Na nilikuwa na hofu moja iliyozidi zote, kwamba siku moja mtu angenitazama na kugundua kuwa sijui. Kwa hiyo sikuwa nauliza swali lolote kwa mteja yeyote. Nilikuwa natikisa kichwa kama daktari bingwa na kusema, "Niachie mimi."

Bibi alikuja asubuhi, amepakiwa kwenye pikipiki ya mjukuu wake, jiwe likiwa katikati yao kama abiria wa tatu, limefungwa kwenye khanga. Walitoka ng'ambo ya Kivukoni, kule baada ya daraja, ambako familia yake ya Kisukuma ilihamia na ng'ombe miaka mingi kabla sijazaliwa. Alikuwa mwembamba, mrefu, vidole vyake vimejikunja kwa ugonjwa wa viungo kiasi kwamba mkono haukufunguka wote.

"Mwangaluka," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemkondesha kiboko?"

Sifa zangu, kama unavyoona, zilikuwa zimeshavuka mto.

Mjukuu alilishusha jiwe. Lilikuwa jiwe la kusagia nafaka, la kijivu, refu kama mkono kutoka kwapani hadi vidoleni, na katikati lilikuwa na shimo refu lililolala kama mtumbwi. Pamoja nalo kulikuwa na jiwe dogo la kushika mkononi, ambalo bibi aliliita mtoto. Akanieleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Mjukuu huyu alikuwa anaoa. Nyumbani kwao, tangu kwa mama yake bibi, mke akiletwa husaga mtama kwenye jiwe hili siku ile ile, unga ule ukapikwa uji, na wazee wakanywa. Ndipo anahesabiwa ameingia. Unga wa mashine haukubaliki, na jiwe la jirani ndiyo kabisa. Lakini jiwe lilikuwa limekuwa laini.

"Mtama unateleza," alisema. "Unakimbia. Zamani nililitengeneza mwenyewe, lakini vidole hivi, unaviona. Tumeambiwa wewe unajua mawe. Binti anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Swali lilikuwa rahisi, na lilikuwa limekaa pale mbele yangu kama kuku: zamani ulikuwa unalitengenezaje? Maneno matatu. Mtoto wa darasa la pili angeyasema.

Nilitikisa kichwa. "Niachie mimi, bibi."

Mjukuu alinitazama kidogo. "Una uhakika, broo?"

"Hii kazi ndogo," nilimwambia.

Wakaondoka, na mimi nikabaki nalichunguza jiwe kwa jicho la kitaalamu. Nilihitimisha haraka. Mtama unateleza kwa sababu jiwe limebonyea. Punje ikikaa kwenye mteremko lazima ikimbie, hiyo ni hesabu. Dawa yake ni kulinyoosha jiwe liwe tambarare kama meza. Tena niligundua jambo lingine ambalo lilinisikitisha sana kama msanii: lile shimo halikuwa hata sawa. Upande wa kushoto ulikuwa umezama zaidi ya wa kulia, na ukielekea mbele ulijipinda kidogo, kama njia ya mtu aliyelewa. Nilijiuliza ni fundi gani aliyelitengeneza ovyo hivyo. Nilimhurumia bibi kwa kuishi na kitu kilichopinda maisha yake yote.

Kwa wiki tatu sikufanya kazi nyingine. Nilikata kingo za jiwe kwa mashine, nikazishusha mpaka zikakutana na kina cha shimo, nikasawazisha kwa tindo, nikapima kwa pima maji ya waashi mpaka kile kiputo kikatulia katikati kama mtawa. Ningeweza kuishia hapo na kosa langu lingekuwa nusu. Lakini mimi siishii hapo. Nilinunua msasa wa maji, ule wanaotumia wapaka rangi za magari, nikaanza na wenye punje kubwa, nikaja wa kati, nikamaliza na ule laini ambao ukiugusa unadhani ni karatasi ya kawaida. Nikapaka mafuta kidogo ya kupikia. Nilipoinama niliona meno yangu mwenyewe ndani ya jiwe.

Nilimwita mama aje aone. Alifuta mikono kwenye khanga, akaja, akajiangalia kwenye jiwe, akarekebisha kilemba.

"Zuri," alisema. "Anasaga nini huyo bibi, sura yake?"

Nilidhani ni wivu.

Siku tisa kabla ya arusi, bibi na mjukuu walirudi. Nilikuwa nimelifunika jiwe kwa kitambaa cheupe cha mezani, kwa sababu nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba sanamu hufunuliwa mbele ya watu. Watu walikuwepo: mama, wateja wake watatu wa vitumbua, na kuku wetu. Nikavuta kitambaa.

Bibi aliinama, akafungua pindo la khanga yake, akatoa mtama uliojaa kiganja kimoja na kuumwaga juu ya jiwe. Punje zilikimbia pande zote kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule. Hata moja haikubaki. Kuku walifika kabla hazijatua chini, na katika shughuli ile yote wao peke yao ndio waliofurahia kazi yangu.

Mjukuu alianza kucheka, akamwona bibi yake, akaacha.

Bibi alikuwa amepiga magoti. Kile kiganja kisichofunguka vizuri kilikuwa kinapita juu ya jiwe, taratibu, kutoka huku kwenda huku, kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Aliparudia mahali pale pale mara tatu, upande wa kushoto.

"Mama yangu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto," alisema. "Hapa ndipo mkono wake ulipokuwa unapita." Akaninyanyulia uso. "Umepapeleka wapi?"

Jibu la kweli ni kwamba nilikuwa nimepafagia. Unga ule wa kijivu uliotoka kwenye lile jiwe, mkono wa mwanamke aliyesaga kwa miaka yote ile na binti yake baada yake, niliufagia kila jioni kwa ufagio wa chelewa na kuutupa kwenye mtaro.

"Nisamehe, bibi," nilisema. "Nilifikiri limepinda."

"Lilikuwa limepinda," alisema. "Na yeye alikuwa amepinda. Mimi pia. Ulitaka liwe sawa na nani?"

Mama yangu alimletea bibi kiti. Bibi hakukikalia. Alikuwa anafikiri, na nilijua anafikiri nini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nahesabu. Siku tisa. Binti anatoka kwao na ndugu zake, wazee wameshaalikwa, na jiwe ambalo wanawake wa nyumba ile wote walipitia sasa lilifaa kuwekwa saluni. Kama unga hautasagika, bibi angewaambia nini wazee? Kwamba alimpa jiwe la mama yake mtu anayekondesha viboko?

"Lete nyundo yako," alisema hatimaye.

Nikaleta. Akaitazama, akaitupa kando. Akafungua kifurushi kidogo, akatoa jiwe jeusi, gumu, dogo kama yai la bata, lililochongoka upande mmoja.

"Jiwe la kusagia lina meno," alisema. "Meno yakiisha, unayarudisha kwa hili. Unagonga kidogo kidogo, kila mahali, mpaka likikuparuza mkono ujue limeamka. Ndiyo kazi niliyokuletea. Ya asubuhi moja."

Ya asubuhi moja. Nilikuwa nimetumia wiki tatu.

Nilianza kugonga, yeye amesimama juu yangu. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiogopa huwa najificha kwenye mpangilio. Baada ya muda nilikuwa nimetengeneza mistari mitatu ya vidoa, imenyooka, umbali ule ule kutoka kidoa hadi kidoa. Nilijisikia afadhali. Bibi akainama.

"Unapanda mpunga?"

"Hapana, bibi."

"Mbona umepanga mistari? Mtama utafuata hizo barabara zako mpaka nje. Tawanya."

Tawanya. Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu ya kifungo. Nilijaribu kutawanya, lakini kila nilipogonga mkono wangu ulitafuta mwenzake wa kulingana naye. Nakiri kwamba walipoondoka nilichukua penseli na kuchora kwanza vidoa vya kutawanyika, ili nitawanye kwa mpango. Mama alinikuta nikifuta kimoja na kukisogeza.

"Hicho kilikuwa kimetawanyika vibaya?" aliuliza.

Nikatupa penseli.

Kesho yake bibi alirudi na debe la mtama. Hukumu yangu ilikuwa hii: kwa kuwa jiwe lilikuwa jipya tena, halijui kazi, lazima lisage kila siku mpaka arusi, na unga wa kwanza wote utupwe kwa sababu utakuwa na mchanga. Na kwa kuwa vidole vyake haviwezi, na mimi ndiye niliyelirudisha utotoni, nitasaga mimi.

"Wapi, bibi?"

"Hapo hapo nje. Ndani hakuna mwanga."

Mwanga ulikuwepo ndani wa kutosha kabisa. Sisi sote tulijua hilo.

Basi kwa siku nane watu wa Mlabani waliopita kwenda sokoni walimwona msanii wa mawe amepiga magoti barazani kwa mama yake, anasaga mtama kwa mkono, mahali ambapo kuna mashine za kusaga kila kona. Sijawahi kuwa na maonyesho yaliyohudhuriwa vizuri hivyo. Waendesha pikipiki walipunguza mwendo.

"Fundi, umeolewa lini?"

"Hongera! Mahari walitoa ng'ombe wangapi?"

"Huyo kaolewa Usukumani, hamwoni kazi alizopewa?"

Mama hakunitetea. Aliongeza mauzo. Watu walisimama kucheka, wakanunua kitumbua ili wacheke vizuri, na kati ya kitumbua na kitumbua alinifundisha, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Magoti pamoja! Usisage kwa mikono, saga kwa mgongo. Sukuma, vuta. Sukuma, vuta. Wewe, unga unataka kuusaga au kuupapasa?"

Siku ya kwanza nilipata mchanga wa kijivu wenye rangi ya mtama. Siku ya tatu nilikuwa na malengelenge kwenye viganja vyote viwili, na kwa mara ya kwanza tangu nishike nyundo sikuangalia kama yamelingana. Siku ya tano nilianza kusikia jambo. Jiwe likishika, sauti inabadilika, inakuwa nzito, na punje hazirukiruki tena. Nilikuwa nimefika mahali nasaga bila kufikiri, nikashtuka bibi amekaa kwenye kile kiti cha mama, anakula kitumbua, ananisikiliza kwa macho yaliyofumbwa.

Mchana huo ndipo aliponieleza jinsi walivyohama. Ng'ombe walitembea, alisema, wanaume wakatembea nyuma yao. Yeye na watoto walipanda lori, na jiwe likapanda pamoja naye. Mume wake alitaka waliache. Kuna mawe kila mahali duniani, alimwambia.

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Nilikalia jiwe mpaka huku." Alilamba sukari kidoleni. "Tulipofika, nikatafuta jiwe lingine hata moja bonde zima. Hakuna. Akanyamaza mwaka mzima."

Nilicheka, kisha nikakumbuka nilichokifanya, nikarudi kusaga.

Jumamosi ya arusi nilikwenda ng'ambo ya mto na jiwe mapajani, nyuma ya pikipiki ya rafiki wa bwana arusi. Pale Kivukoni, tukipita darajani, niliona mitumbwi imelala ukingoni na nikafikiria lile shimo. Nilikuwa nimeliita limepinda. Sikuwahi kufikiri mtumbwi umepinda.

Nyumbani kwa bibi walikuwa wamejaa. Wazee walikaa upande mmoja kwenye viti vya plastiki, wanawake upande wa pili, na jiwe likawekwa katikati juu ya ngozi ya ng'ombe. Binti aliletwa. Alikuwa mtu wa mjini, amesoma, kucha zake zimepakwa rangi. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba hajawahi kusaga hata chumvi kwa mkono. Alipiga magoti, akashika yule mtoto wa jiwe, akasukuma.

Mtama uliruka.

Akasukuma tena. Ukaruka tena. Jiwe lilikuwa na meno sasa, lakini lilikuwa bado tambarare, na jiwe tambarare linataka mkono unaojua kuzuia punje kwa upande wa kiganja huku unasukuma, kitu ambacho mimi nilikijua baada ya siku nane na yeye alikuwa na dakika moja. Lile shimo la zamani lingemsaidia. Lingemshikia mtama mpaka ajifunze. Hilo ndilo nililokuwa nimemnyang'anya, yeye ambaye hata sikuwahi kumwona. Mzee mmoja alikohoa. Shangazi fulani akasema kwa sauti ya kunong'ona iliyofika kwa kila mtu, "Hili ndilo jiwe lenyewe? Mbona limekuwa kama meza?"

Binti aliinamisha kichwa. Niliona chozi limeangukia unga, au mahali ambapo unga ulipaswa kuwepo.

Bibi hakuinuka kwenye kiti chake. "Fundi," aliita. "Njoo hapa."

Kulikuwa na njia ya kukimbia, nyuma ya zizi. Niliipima kwa macho. Halafu nikaenda, nikapiga magoti kando ya bibi arusi, mbele ya ukoo mzima, nikiwa nimevaa suruali yangu nzuri.

"Nionyeshe mkono unaotumia," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Wa kulia."

"Basi weka wa kushoto hivi, kama ukuta. Usisukume kwa nguvu. Sikiliza. Likianza kunguruma, ndipo uegemee."

Nikaanza, yeye akiangalia. Wanawake walipiga vigelegele vya dhihaka, virefu, wakaniimbia maneno ambayo mjukuu amekataa kunitafsiria hadi leo. Ulipotoka unga wa kujaza kikombe kidogo nilimwachia. Mara ya kwanza punje ziliruka. Mara ya pili nusu. Halafu jiwe likanguruma chini ya mkono wake, akanitazama, amefungua mdomo, na vigelegele vilivyofuata havikuwa vya dhihaka tena. Alisaga mpaka jasho likamharibia vipodozi vyote. Unga wake ulikuwa mkubwa mkubwa kama chenga za mchele, na wanawake wakaupokea hivyo hivyo.

Uji ulipikwa, ukagawanywa kwa vibuyu. Wazee walikunywa wakiwa wanatafuna kidogo. Bibi alikunywa wake wote, akaweka kibuyu chini, akatoa kwa kidole kitu kidogo kwenye ulimi na kukitazama.

"Una mchanga," alisema.

"Nisamehe, bibi."

"Sijakusamehe. Nimekunywa uji." Akamwonyesha binti, ambaye alikuwa anapepewa na wifi zake. "Jiwe la mama yangu lilikwisha kwako. Hili ni la huyu. Ataanza kulichimba yeye."

Bibi alifariki mwaka uliofuata, baada ya masika. Mjukuu alikuja kuniambia mwenyewe. Nikamuuliza habari za jiwe. Alisema limeanza kubonyea, ukimwaga maji yanakaa katikati, kidogo tu, upande wa kulia.

Kazi yangu imeendelea, kwa namna ambayo sikuiona kwenye simu. Habari za arusi ile zilipovuka daraja, wanawake walianza kuniletea mawe yao ya kusagia, yale ambayo mabinti hawataki na mama zao hawawezi kutupa. Nayatia meno kwa lile yai jeusi, ambalo bibi hakulidai na mimi sikulirudisha. Mtaani wananiita daktari wa meno. Kati ya jiwe na jiwe nachonga sanamu zangu, na baadhi zimenunuliwa na watu waliojua wanachonunua. Kiboko nilimmaliza kwa siku mbili. Ngozi yake nimeigonga vile vile, bila mistari, na ukimpapasa anakuparuza. Yuko getini pale nyumba ya wageni, mfupi, na mwenye nyumba huwaambia wageni kuwa ni mtoto. Katika kugonga huko sikio la kulia likabaki kubwa kuliko la kushoto. Naliona kila nikipita, na kila nikipita linaniuma, lakini sijarudi na tindo.

Siku hizi nauliza. Mtu akiniletea jiwe namuuliza anapiga magoti upande gani na anatumia mkono gani, naandika majibu yake kwa chaki juu ya jiwe lenyewe, ndipo nashika nyundo.